Akili mnemba na watunzi wa Moro: nani anatunga, nani ananakili?

Swali linalozuka kila siku hapa kafe ni hili: kama kompyuta inaandika shairi kwa nusu dakika, mtunzi wa nini tena? Mimi naandika beti za harusi na kipaimara kwa vijisenti, na wateja wameanza kupungua, kwa hiyo nimelifuatilia kwa uchungu.

Kwanza tujue inavyofanya kazi. Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiiuliza kitu inabashiri neno, halafu linalofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Suno yenyewe inatengeneza muziki: unaandika sentensi mbili, unapewa wimbo mzima, na mwimbaji wake hajawahi kuzaliwa.

Wengi wanasema basi hiyo ni kunakili tu, binadamu ndiye anayebuni. Hapo mimi nagoma kidogo. Mchukue Salum Abdallah wa Cuban Marimba, bendi ya hapa hapa Morogoro. Miaka ya 1950 wanamuziki wetu walikuwa wanasikiliza santuri za Kuba mpaka wanazishika, Kihispania chenyewe hawakijui. Mapigo ya Kuba, hata jina la bendi la Kuba! Sasa huko si kunakili? Ila Salum aliimba Kiswahili, mambo ya watu wa hapa, na watu wakikaa bila kucheza alikuwa anawaona kwa macho yake. Tena mji huo huo kulikuwa na Morogoro Jazz, wapinzani wao. Baadaye Mbaraka Mwinshehe akaing'arisha Morogoro Jazz kwa gitaa lake, mwaka 1970 wakaenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka, na 1973 akaanzisha Super Volcano. (Salum alifariki 1965, Mbaraka 1979, wote kwa ajali ya gari. Inauma sana.)

Kwa hiyo kujifunza kwa kusikiliza wenzako si kosa, wote tunafanya. Tofauti mimi niliiona mahali pengine.

Juzi alikuja dada mmoja, kwao ni milimani kule Uluguru. Alitaka beti za kusoma kwenye sherehe ya ukoo, bibi yake anamkabidhi shamba. Alikuwa ameshaiuliza programu na beti akawa nazo kwenye simu. Vina safi, kuliko vyangu, nakiri. Ukungu upo, mito ipo, migomba ipo. Tatizo ubeti wa tatu: shamba limetoka kwa babu mzaa baba, likaja kwa baba, sasa kwake.

Jamani! Waluguru ukoo wao unafuata mama. Shamba la ukoo linapita upande wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Ubeti ule ukisomwa mbele ya wazee, ni kama unawaambia shamba si lao.

Kwa nini ilikosea? Nadhani ni kwa sababu maandishi mengi duniani yanasema mtoto anarithi kwa baba, nayo inakwenda na wengi. Kiluguru kwenye intaneti ni kidogo mno, mambo ya koo zake ndiyo kabisa. Tulipoiambia ikaomba radhi na kurekebisha papo hapo, tena vizuri. Lakini ilibidi awepo mtu wa kuiambia. Yenyewe haina bibi wa kumuudhi, wala haitasimama pale shambani watu wakiguna.

Na mimi nisijisifu sana. Miaka ya nyuma niliwahi kumsifia bwana harusi kwa jina la kaka yake, mbele ya ukumbi mzima. Binadamu anakosea vilevile. Ila mpaka leo mtaa ule nikipita naangalia chini, na tangu siku hiyo majina nauliza mara mbili.

Yule dada tulikaa naye saa nzima. Nikamuuliza mjomba anaitwaje, shamba limepakana na kijito gani, bibi alikuwa anapanda nini kabla ya migomba. Mambo hayo hayapo kwenye programu yoyote, alikuwa nayo yeye kichwani. Vina viwili vya ile programu nimeviacha, vilikuwa vizuri mno kuvitupa. Amenilipa elfu tano.