Barua ya Kalamata: Urafiki wa Ugiriki na Marekani Ulikoanzia

Kila tarehe 25 Machi Wagiriki huadhimisha mwanzo wa vita vya mwaka 1821, vilivyowatoa chini ya dola ya Osmania baada ya karne kadhaa za kutawaliwa. Marekani nayo huienzi siku hiyo. Tangu 1987 rais wake hutoa tangazo la kuisherehekea kuwa siku ya demokrasia ya mataifa yote mawili. Hotuba za siku hiyo hutaja Athens ya kale na waasisi wa Marekani waliosoma vitabu vya Kigiriki, na mara nyingi huishia hapo. Kuishia hapo ni kuwadhulumu watu walioujenga urafiki huu kwa mikono yao, tena wakati serikali zilikuwa zimekaa pembeni.

Mji wa Kalamata, kusini mwa Peloponnese, ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kutwaliwa na wapiganaji. Ni kutoka huko ambako Petros Mavromichalis, kiongozi wa watu wa Mani, aliwaandikia raia wa Marekani barua ya kuomba msaada. Barua hiyo ilipitia Paris kwa mwanazuoni Adamantios Korais, ikafika kwa Edward Everett, profesa wa Kigiriki katika Chuo cha Harvard, naye akaichapisha mwaka 1823 katika jarida la North American Review. Kamati za misaada zikaundwa New York, Boston na Philadelphia. Makanisa yakachangisha fedha, unga na nguo.

Serikali ilikuwa na hesabu zake. Rais James Monroe aliwatakia Wagiriki heri katika ujumbe ule ule wa Desemba 1823 alimotangaza kwamba Marekani haitaingilia vita vya Ulaya. Daniel Webster alipopendekeza katika Baraza la Wawakilishi kwamba mjumbe atumwe Ugiriki, hoja yake haikupita. Waziri wa Mambo ya Nje, John Quincy Adams, hakutaka nchi yake ijiingize, na wafanyabiashara waliokuwa na shughuli bandarini Smyrna, katika dola ya Osmania, hawakutaka kumuudhi Sultani.

Wafanyabiashara wengine wa Marekani walipata faida. Mwaka 1825 Wagiriki waliagiza manowari mbili New York kwa fedha za mkopo kutoka London. Gharama zikapanda hadi fedha zikawaishia, ikabidi serikali ya Marekani inunue moja ndipo nyingine iachiliwe. Iliyofika Ugiriki, mwishoni mwa 1826, ikaitwa Hellas. Taifa lenye njaa lilikuwa limetumia fedha za kutosha manowari mbili, likapata moja.

Ndiyo maana jina la Samuel Gridley Howe linastahili heshima kubwa. Alikuwa daktari kijana wa Boston, ndiyo kwanza amehitimu, alipokwenda Ugiriki kutibu majeruhi. Baadaye alirudi kwao kuchangisha, akapakia chakula na nguo melini, akasafiri navyo hadi kisiwa cha Aegina kilichojaa wakimbizi. Huko aliwaajiri wakimbizi kukarabati gati la bandari, ujira wao ukiwa chakula. Gati likatengenezwa, na familia zikala kwa jasho lao.

Uhuru wenyewe ulikuja kwa mizinga ya Uingereza, Ufaransa na Urusi, zilizoteketeza meli za Osmania na Misri kwenye ghuba ya Navarino mwezi Oktoba 1827. Mwaka 1830 Ugiriki ikatambuliwa kuwa dola huru, kisha ikapewa mfalme kijana kutoka Bavaria. Katiba ilidaiwa barabarani mwaka 1843.

Hata hivyo, katikati ya vita, Wagiriki walikuwa tayari wameandika jambo kubwa. Katiba waliyoipitisha katika mji wa Astros mwaka 1823 ilisema kwamba katika ardhi ya Ugiriki binadamu hauzwi wala hanunuliwi, na kwamba mtumwa wa kabila lolote na dini yoyote akishakanyaga ardhi hiyo yu huru. Mwaka huo huo Thomas Jefferson, mzee wa miaka 80, alimwandikia Korais ushauri kuhusu namna ya kuunda serikali ya watu huru. Aliuandika akiwa Monticello, shamba lililolimwa na watumwa wake. Marekani ilipiga marufuku utumwa mwaka 1865. Katika jambo hili mwanafunzi alimtangulia mwalimu kwa miaka 42, na sisi wa bara ambalo watu wake waliuzwa hatuna sababu ya kulipita kimya. Howe hakulipita. Baada ya kurudi nyumbani alijiunga na wapinga utumwa, akawa mmoja wa watu sita waliomfadhili kwa siri John Brown, aliyeshika silaha kupinga utumwa.

Karne ya 20 serikali za nchi hizo mbili ziliushika urafiki huu moja kwa moja. Machi 1947 Rais Harry Truman aliliomba bunge dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, Ugiriki ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aprili 1967 makanali walipindua serikali mjini Athens, wakafunga na kutesa wapinzani, na Washington ikaendelea kuwa mshirika wao. Makamu wa Rais Spiro Agnew, ambaye baba yake alikuwa mhamiaji wa Kigiriki, aliwatembelea mwaka 1971. Tarehe 17 Novemba 1973 kifaru kilivunja lango la chuo cha Politekniki walimokuwa wanafunzi waliogoma. Utawala huo ulianguka Julai 1974. Mwaka 1999, akiwa Athens, Rais Bill Clinton alikiri kwamba nchi yake ilitanguliza maslahi ya Vita Baridi mbele ya wajibu wa kutetea demokrasia.

Wanaoadhimisha 25 Machi waikumbuke na 17 Novemba. Siku hiyo, kila mwaka, maandamano ya Wagiriki huondoka Politekniki na kuelekea ubalozi wa Marekani.