Raspberry Pi kama seva ya nyumbani: kazi zake, gharama ya umeme na namna ya kulinda picha zako

Simu ikiibiwa au kuanguka kwenye maji, hela ya kununua nyingine inaweza kutafutwa. Picha za harusi au za mtoto akiwa mchanga zikipotea, ndio basi.

Wengi wetu tunategemea akaunti ya Google. Nafasi ya bure huko ni gigabaiti 15, na tangu Juni 1, 2021 picha mpya za Google Photos zinahesabiwa ndani ya nafasi hiyo hiyo pamoja na barua pepe. Ikijaa, unalipia kila mwezi. Na kila video unayopandisha au kuifungua tena inakula bando.

Njia nyingine ni kuwa na seva yako nyumbani. Seva ni kompyuta inayokaa imewashwa muda wote ikihudumia vifaa vingine. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta ya bodi moja yenye ukubwa wa kadi ya benki, na inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi. Bodi yenyewe ndio sehemu rahisi. Kinachoamua kama picha zako zitakuwa salama ni mambo matatu: umeme, diski na nakala ya pili.

Raspberry Pi ni nini?

Ilianza kuuzwa Februari 29, 2012 nchini Uingereza kwa dola 35, ikiwa na RAM ya megabaiti 256 tu. Waanzilishi wake, akiwemo Eben Upton wa Cambridge, walitaka vijana wapate kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Watu wazima nao wakagundua inafaa kwa kazi nyingi za nyumbani.

Prosesa, RAM na sehemu za kuchomeka waya zote ziko kwenye bodi moja. Haiji na skrini, kibodi wala diski. Mfumo wake endeshi, Raspberry Pi OS, ni aina ya Linux na ni wa bure.

Uchukue toleo gani?

Raspberry Pi 4 (2019): Inatosha kwa nyumba nyingi. Ina USB 3.0 na sehemu ya waya wa mtandao yenye kasi kamili ya gigabiti 1. Kwa faili na picha, chukua yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi.

Raspberry Pi 5 (2023): Ina kasi zaidi na ina kitufe cha kuwashia, ila inapata joto zaidi na inataka chaja yake maalumu ya volti 5, ampea 5.

Raspberry Pi Zero 2 W (2021): Ndogo na ya bei ya chini, lakini RAM yake ni megabaiti 512 na haina sehemu ya waya wa mtandao. Kwa picha za familia, iache.

Kabla hujatoa hela, angalia kama una laptopu ya zamani kabatini. Inakula umeme zaidi, lakini ina betri, skrini na diski tayari. Kama betri bado inashika chaji, hiyo ni seva nzuri ya kuanzia, na karibu yote yaliyo hapa chini yanaihusu pia.

Kazi ambazo inaweza kufanya

Kuhifadhi faili: Programu ya Samba inafanya diski iliyochomekwa kwenye Pi ionekane kama folda kwenye simu na kompyuta zote za nyumbani.

Picha za simu: Nextcloud na Immich zina aplikesheni za Android na iPhone zinazopeleka picha kwenye seva zenyewe ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, bila kugusa bando la simu. Immich ni nzito, hivyo inataka RAM ya gigabaiti 8.

Muvi na muziki: Jellyfin inarusha video kwenye TV na simu. Hakikisha video ziko katika muundo ambao TV yako inausoma, kwa sababu Pi ikilazimika kuzibadilisha papo kwa papo inaelemewa.

Kupunguza matangazo: Pi-hole inazuia anwani za matangazo kwa vifaa vyote vya nyumbani. Matangazo ya YouTube haiyawezi, maana yanatoka kwenye anwani zile zile za video.

Maktaba bila intaneti: Kiwix inaweka Wikipedia nzima kwenye diski, na watoto wanaisoma kwa waifai ya ndani hata bando likiisha. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha na ya Kiingereza, ambayo ikiwa na picha inazidi gigabaiti 90.

Umeme: hesabu yake

Pi 4 ikiwa imetulia inakula takriban wati 3. Ukiweka diski na kazi za hapa na pale, chukulia wastani wa wati 8. Mara saa 24, mara siku 30, unapata kama uniti 6 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ingefika uniti 43. Zidisha na bei ya uniti ya kwenu, iwe Luku au tokeni, utajua gharama yako halisi.

Tatizo kubwa ni umeme kukatika ghafla. Pi ikizimika katikati ya kuandika, faili zinaweza kuharibika, na wakati mwingine memori kadi inagoma kabisa kuwaka. Kwa hiyo UPS sio anasa. Zipo UPS ndogo za ruta, lakini nyingi hutoa volti 9 au 12, wakati Pi inataka volti 5 na ampea za kutosha. Soma maandishi kabla ya kununua. Power benki nayo ina kasoro: nyingi hukata umeme kwa muda mfupi pale chanzo kinapobadilika, na muda huo unatosha kuizima Pi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Pi 4 na za kabla yake hazina betri ya saa. Umeme ukirudi intaneti ikiwa haipo, saa yake inakuwa nyuma hadi ipate mtandao, na picha au nakala zinaweza kuandikwa tarehe isiyo sahihi. Pi 5 ina sehemu ya kuunganisha betri ya saa.

Chaja na joto

Chaja ya simu isikudanganye. Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1, ampea 3. Umeme ukiwa mdogo, inapunguza kasi na diski inaweza kujitenga katikati ya kazi. Kuangalia, andika amri hii:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, uko salama. Likiwa tofauti, anza kushuku chaja, waya au joto.

Kuhusu joto, prosesa inaanza kujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Usiifungie kabatini wala juu ya friji. Kasha lenye feni au la bati linalotoa joto linatosha, na lifute vumbi mara kwa mara.

Diski: usiweke picha kwenye memori kadi

Memori kadi inachakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na seva inaandika usiku na mchana. Itumie kuwashia tu, au iache kabisa: Pi 4 na Pi 5 zinaweza kuwaka kutoka diski ya USB.

SSD ya USB ndio chaguo bora. Haina sehemu inayozunguka na haili umeme mwingi. Diski ya kuzunguka ni nafuu kwa nafasi kubwa, lakini kumbuka sehemu zote za USB za Pi 4 kwa pamoja zinatoa ampea 1.2 tu. Ukichomeka diski mbili za namna hiyo, weka kigawanyio cha USB chenye chaja yake.

Iandae diski kwa muundo wa ext4, ambao unavumilia zaidi kuzimika ghafla. Kuiandaa hivyo kunafuta kila kitu kilichokuwemo, kwa hiyo hamisha vitu vyako kwanza.

Nakala ya pili

Hapa ndipo wengi wanapopoteza picha. Mtu anahamisha picha zote kwenye seva, anafuta simu ipate nafasi, halafu diski inakufa. Picha zilikuwa sehemu moja, zimebaki sehemu sifuri.

Wapiga picha wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida inaweza kuwa hivi:

1. Picha ziko kwenye simu.
2. Zinakwenda kwenye diski ya Pi kila siku.
3. Mara moja kwa wiki unachomeka diski ya pili, unanakili kwa programu ya rsync, unaichomoa na kuipeleka kwa ndugu au kazini.

Kuchomoa ni muhimu. Diski inayobaki imechomekwa inakufa na radi ile ile, inaibiwa na mwizi yule yule, na ukifuta folda kwa bahati mbaya inaweza kufutwa nayo. Kama picha ni za siri, diski inayotoka nje ya nyumba ifungwe kwa neno la siri.

Kuingia ukiwa mbali na nyumbani

Ushauri wa haraka utakaousikia ni kufungua milango ya ruta ili seva ionekane kwenye intaneti. Usifanye hivyo. Programu za kuvamia zinazunguka intaneti saa zote zikijaribu maneno ya siri dhaifu. Ndio maana tangu Aprili 2022 Raspberry Pi OS haiji tena na jina la "pi" na neno la siri "raspberry" lililojulikana na kila mtu.

Halafu kwa wengi haiwezekani. Kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti, hivyo hakuna njia ya moja kwa moja ya kuingia kwako.

Suluhisho ni VPN. WireGuard ni nyepesi na ipo ndani ya Linux yenyewe tangu 2020. Kama intaneti yako ni ya laini ya simu, Tailscale, inayotumia WireGuard, inapita hata pale ambapo huna anwani yako mwenyewe. Unaweka aplikesheni kwenye simu, unaingia, na seva inaonekana kama uko sebuleni.

Jinsi ya kuanza

1. Pakua Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta na uandike mfumo kwenye memori kadi au SSD. Weka jina lako, neno la siri refu, na washa SSH hapo hapo.
2. Unganisha Pi na ruta kwa waya. Waifai inafaa, ila waya hautetereki.
3. Kwenye ruta, ipe Pi anwani isiyobadilika.
4. Ingia kwa SSH kisha andika sudo apt update, halafu sudo apt full-upgrade.
5. Weka huduma moja tu kwanza. Anza na Samba, itumie wiki mbili, ndipo uongeze nyingine.
6. Panga siku ya nakala ya pili kabla hujafuta picha hata moja kwenye simu.

Kuzima nako kuna utaratibu: andika sudo poweroff, subiri taa ya kijani iache kuwaka-waka, ndipo uchomoe.

Mwisho, nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Mara moja kwa mwezi chukua ile diski ya pili, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, chagua picha tano za miaka tofauti na uzifungue. Zikifunguka zote, hapo ndipo unaweza kufuta za kwenye simu.