Hadubini za ukali wa juu katika uchunguzi wa moyo

Ni mbinu zinazovuka kikomo cha hadubini ya kawaida ya mwanga, isiyotofautisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 kwa kuziasisi. Katika misuli ya moyo zimefaa hasa kwa vipokezi vya rayanodini, milango inayotoa kalsiamu ili seli ijikaze. Kila kipokezi kina upana wa nanomita 30 hivi. Zamani kundi zima la vipokezi lilionekana kama doa moja la ukungu. Sasa rangi zilizonatishwa kwenye protini huwashwa chache chache kwa zamu, na kompyuta hukokotoa kitovu cha kila nukta. Makundi yameonekana kuwa madogo, yenye maumbo ya ovyo, si safu nadhifu zilizodhaniwa. Rangi, hata hivyo, hukaa kando kidogo ya protini yenyewe, hivyo hesabu za vipokezi zisomwe kwa tahadhari.