Homa ya Imbo na Kimeng'enya Kinachokata Nyuzi za Damu

Mwaka 1897, Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, Ronald Ross alikuwa India akipasua mbu na kukuta vimelea vya malaria katika ukuta wa tumbo la mbu hao, na Robert Koch alifika Dar es Salaam kuichunguza homa hiyohiyo. Mji ambao leo ni Bujumbura ulianza basi katika mwaka uleule ambao njia ya malaria ilianza kujulikana, ingawa uwanda wa Imbo ulioko chini yake, wenye joto na majimaji ya mto Rusizi, ulikuwa umeogopwa na watu wa milimani tangu zamani, na makao ya mwami, yaani mfalme wa Burundi, yalibaki juu kwenye baridi, mbali na ziwa.

Wabelgiji walioutwaa mji mwaka 1916 waliirithi hofu hiyo pamoja na homa yenyewe, na kwa miongo mingi maelezo yake yalihusu ardhi: bwawa, mfereji, mbu, mwinuko. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli mwingi. Katika miaka ya 1980, Marc Coosemans alipolinganisha sehemu za uwanda wa Rusizi zilizolimwa mpunga na zile zilizolimwa pamba, alikuta malaria imeshamiri zaidi kwenye mpunga, kwa kuwa mashamba yake hushika maji. Hata hivyo, historia ya ardhi haielezi kwa nini, kati ya watoto wawili walioumwa na mbu walewale, mmoja hupona baada ya siku chache za homa na mwingine hupoteza fahamu akafa.

Jibu lilianza kutafutwa ndani ya mishipa ya damu. Mwishoni mwa karne ya 19, Ettore Marchiafava na Amico Bignami waliwapasua waliokufa kwa malaria huko Roma, wakaona mishipa midogo kabisa ya ubongo imejaa chembe nyekundu zenye vimelea, zimebanana hadi damu haipiti. Nini kilichozigandisha ukutani? Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba ni kuganda kwa damu kwa jumla, na kwa sababu hiyo baadhi ya waganga waliwapa wagonjwa wa malaria ya ubongo heparini, yaani dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ikawatoa wagonjwa damu bila kuwaokoa, na matumizi yake yakaachwa. Kosa lilikuwa kuuona mgando kama kitu kimoja, hali mwili una njia zaidi ya moja za kuziba mshipa.

Mojawapo ya njia hizo hutegemea protini inayoitwa kwa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeeleza mwaka 1926 ugonjwa wa kutoka damu katika familia za visiwa vya Åland. Seli zinazotandaza ukuta wa mshipa huitoa protini hiyo ikiwa nyuzi ndefu mno, ambazo hunasa chembe sahani, yaani vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha. Uzi usiokatwa ni wa hatari, na kinachoukata ni kimeng'enya ADAMTS13, ambacho hungoja mpaka msukumo wa damu uunyooshe uzi, kisha hukata kiungo kimoja tu kilichokuwa kimefichwa katika mkunjo wake. Ugonjwa utokanao na upungufu wake mkubwa ulielezwa na Eli Moschcowitz huko New York mwaka 1924, kwa msichana wa miaka 16 ambaye mishipa yake midogo ilikutwa imejaa mabonge ya mgando. Kimeng'enya chenyewe kilitambuliwa mwaka 1996 na Miha Furlan huko Bern na Han-Mou Tsai huko New York, na jeni lake likajulikana mwaka 2001.

Ndipo malaria ikarudi mezani. Tafiti za muongo wa kwanza wa karne hii zilionyesha kwamba kwa wagonjwa wa malaria nyuzi za von Willebrand huongezeka na kuwa ndefu kupita kawaida, huku utendaji wa ADAMTS13 ukipungua, na kwamba chembe sahani zilizonaswa kwenye nyuzi hizo huweza kuzishika chembe nyekundu zenye vimelea. Maabara ilionyesha pia kwamba hemoglobini, rangi nyekundu ya damu, ikimwagika nje ya chembe zake, huizuia ADAMTS13 isikate. Jambo hilo linakumbusha homa ya mkojo mweusi, ambayo Koch aliilaumu dawa ya kwinini kwa kuisababisha, kwa sababu ndani yake chembe nyekundu hupasuka kwa wingi. Lakini kuunganisha mambo hayo mawili bado ni dhana, na haifai kuandikwa kama historia iliyothibitika.

Sehemu ya ushahidi imetoka ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips waligundua Plasmodium berghei, kimelea cha panya wa porini, huko Katanga, na tangu hapo kimelea hicho kimekuwa chombo cha maabara duniani kote. Mwaka 2016 ilichapishwa kwamba panya waliozaliwa bila protini ya von Willebrand, wakiambukizwa kimelea hicho, waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Kwa binadamu, kundi la damu O, ambalo wenye nalo wana protini hiyo kwa kiasi cha robo pungufu, limehusishwa na kinga dhidi ya malaria kali, japo sababu inayotajwa zaidi ni kwamba chembe zao nyekundu hazikusanyiki kwa urahisi kuzunguka chembe zenye vimelea.

Burundi ilipopigwa na mlipuko wa 2000 na 2001, wenye wagonjwa karibu milioni tatu waliohesabiwa, wengi wao milimani kusikozoea homa, klorokwini ilikuwa imeshindwa, na mwaka 2003 nchi ikahamia artesuneti pamoja na amodiakwini. ADAMTS13 iliyotengenezwa kiwandani iliruhusiwa Marekani mwaka 2023, lakini kwa wanaozaliwa bila kimeng'enya hicho, si kwa malaria. Mtoto anayeletwa hospitali ya Bujumbura akiwa amepoteza fahamu bado huokolewa kwanza na sindano ya artesuneti inayoua vimelea kabla havijashika ukuta wa mshipa.