Kabla ya Kusalimisha Bunduki ya Babu, Isome

Wadau, hapa Dar bunduki yoyote ya zamani tunaiita gobore, na ikiwa na kutu ya kutosha tunaongeza kwamba ni ya Mjerumani. Gobore ni ile inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki yenye bolti ya kuvuta nyuma ni kitu kingine kabisa, na ile ya jeshini huwa imeandikwa asili yake mwilini.

Nilionyeshwa moja kule Temeke, kwa familia iliyokuwa inajiandaa kuisalimisha polisi. Mzee wa nyumba alisema ilikuwa ya babu yake, askari wa Mjerumani katika vita ya 1914 hadi 1918. "Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti, andika hivyo." Nikamjibu, "Sawa mzee, ila naomba kwanza niisome."

Nyuma ya bolti, upande wa kulia, kuna mkanda wa chuma. Palikuwa na taji, herufi GR, neno ENFIELD na mwaka 1918. GR ni Mfalme George. Enfield ni kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza, kaskazini mwa London. Kwa hiyo kuzaliwa, bunduki ilizaliwa Uingereza.

Lakini hoja ya mzee ilikuwa bado hai. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi, ambayo kila ikilia inatoa moshi wa kumwonyesha adui ulipo. Waliposhinda Tanga, Novemba 1914, waliteka mamia ya bunduki za Waingereza na risasi kama 600,000. Waliendelea kuteka silaha hadi Lettow-Vorbeck aliposalimu amri kule Abercorn, leo Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wa Mjerumani kubeba bunduki ya Kiingereza halikuwa jambo la ajabu.

Kilichomaliza ubishi ni tundu la mtutu. Lee-Enfield ya vitani ina kipimo cha .303, karibu milimita 7.7. Hii ilikuwa ya .22, kama milimita 5.6 tu. Magazini haikuwa na springi ndani, imebaki kasha la kudakia maganda. Kichwa cha bolti nacho kilibadilishwa, kwa sababu risasi ya .303 hugongwa katikati ya kitako chake, na ya .22 hugongwa pembeni. Na juu ya chuma kulikuwa na mhuri mwingine: .22 IV*.

Huo ni mhuri wa bunduki ya mazoezi. Baada ya vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, Waingereza waliona askari wao hawana shabaha nzuri, wakaanza kugeuza bunduki za vita ziwe za .22. Risasi zake ni za bei ndogo, hazina kishindo, na uwanja wa yadi 25 unatosha. Aina hii ya IV iliidhinishwa 1921, miaka mitatu baada ya Mjerumani kusalimu amri. Hakuna aliyeibeba ikiwa hivi katika vita ile.

Je, mzee alidanganywa? Si lazima. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR kwa kutumia askari waliokuwa wa Mjerumani. Watu walewale, sare mpya. Kikosi hicho ndicho baadaye kilichokaa Colito, Kinondoni, kambi tunayoiita Lugalo. Babu angeweza kumtumikia Mjerumani, kisha Mwingereza. Mihuri inasema bunduki ilitengenezwa wapi na ikageuzwa kuwa nini. Nani aliishika, haisemi.

Hilo ndilo linalonisumbua. Sheria ya silaha ya 2015 haina mchezo na bunduki isiyo na kibali, hata kama ni ya urithi, na kuisalimisha ndiyo njia sahihi. Ila ikishaondoka, imeondoka na mihuri yake. Kama ukoo wenu una chuma cha namna hii, piga picha kila herufi na kila namba. Halafu kaa na wazee, uandike jina la babu, kikosi chake, alikopelekwa na alirudi mwaka gani. Ukishamaliza, mwone mwenyekiti wa mtaa akuongoze kituoni.