Mtie Meno, Fundi

Geti lilikuwa limelazwa juu ya matofali kando ya barabara ya Mombasa, hapa Kiboko, na fundi wa rangi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Makopo matatu ya rangi ya mafuta: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kichwa cha mbwa, na chini yake maneno mawili ambayo mtoto wa Kenya huyatambua kabla hajajua kusoma: MBWA KALI.

Mbwa mwenyewe alikuwepo. Wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuwa amelinyakua tambara la kufutia brashi, anarudi nyuma nalo, analiachia, kisha anainamisha kifua mpaka viwiko vinagusa vumbi, makalio juu, mkia unapepea, akingoja kufukuzwa.

"Mwaitu," fundi akamwambia mwenye boma, "huyu wako hana hasira hata kidogo."

"Mtie meno, fundi," mama akajibu. "Wezi hawaji kucheza."

Akamtia meno. Sita juu, sita chini, na ulimi mwekundu kama pilipili. Masikio yote mawili akayasimamisha. Alipomaliza, mbwa aliyekuwa getini hakuwa na undugu wowote na yule aliyekuwa anavuta tambara.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaangalia mageti kwa jicho jingine. Safiri kutoka Nairobi hadi pwani uhesabu. Kila penye picha, mbwa ni yuleyule: pua ndefu, masikio kama pembe, shingo nene. Ni mbwa wa Kijerumani. Mbwa wa Ukambani, ngiti kama wanavyomwita wenyewe, ni mwembamba, ana manyoya mafupi na mkia wa kujikunja, na kwa vizazi vingi kazi yake ilikuwa kuandamana na wawindaji wa upinde na mishale ya sumu. Huyo sijamwona kwenye geti lolote.

Maneno nayo yanajisema yalikotoka. Mwalimu wa Kiswahili angeyapiga mstari mwekundu, maana mbwa yuko kwenye ngeli ya M-WA, kwa hiyo ni mbwa mkali. "Mbwa kali" ni Kisetla, Kiswahili cha amri walichokizungumza walowezi na watumishi wao, lugha isiyojali upatanisho wa sarufi mradi chai ije mezani. Mlowezi alikuja na boma lake, ua la kayaba, geti, na mbwa wa kulinda vyote hivyo. Alipoondoka, geti lilibaki, na kosa la sarufi likabaki limeandikwa juu yake. Leo ukiandika "mbwa mkali" watu watadhani unatania.

Kiboko inayo historia yake na mbwa, nayo haina mchezo ndani yake. Chemchemi iliyo chini ya ile migunga ya njano ndipo alipojenga hoteli yake John Alexander Hunter, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1887 na kufika Kenya mwaka 1908. Alifanya kazi ya ugadi kwenye treni kabla bunduki haijawa riziki yake. Hoteli bado inaitwa kwa jina lake, Hunter's Lodge, na kwa vile jina hilo kwa Kiingereza maana yake ni mwindaji, wasafiri wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Kati ya tarehe 29 Agosti 1944 na 31 Oktoba 1946, akiwa kwenye kazi ya serikali, Hunter aliua vifaru 996 katika nchi hii ya Makueni ili msitu ufyekwe na Wakamba wapewe mahali pa kulima. Vifaru 996. Soma tena tarehe hizo: ni miaka miwili na miezi miwili.

Katika kitabu chake cha mwaka 1952, Hunter anaeleza jinsi alivyowahi kutumia kundi la mbwa mchanganyiko kuwasaka simba katika nchi ya Wamasai. Aliwapenda mbwa hao, hilo linaonekana. Lakini walikuwa chombo cha kazi, kama bunduki na kama kamba, na wengi wao waliishia kwenye makucha ya simba. Hakuna aliyekaa chini kuwachora.

Mchoraji hakukosekana. Mwaka 1938 jumba la makumbusho la Nairobi lilituma msafara kwenye milima ya Chyulu, ile inayoonekana kutoka hapa asubuhi ukungu ukishaondoka. Miongoni mwa waliokwenda alikuwamo mama mmoja kutoka Austria ambaye dunia ilikuja kumjua kama Joy Adamson. Huko Chyulu ndiko alikoanza kuchora maua. Baadaye alichora mamia ya picha za watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao, kisha akaandika habari za simba Elsa. Maua, watu, simba. Mbwa alikuwa naye, mdogo, akiitwa Pippin, akimfuata safarini. Ila umaarufu alipewa simba.

Wachongaji wa Kikamba nao wamempita mbwa vivyo hivyo. Sanaa hiyo inahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa amejifunza uchongaji huko Tanganyika. Tangu hapo patasi za Ukambani zimetoa twiga, simba, tembo na vifaru wasiohesabika. Ukisimama kwenye duka la vinyago kando ya barabara hii, utaona vifaru wa mti wamejipanga rafuni katika nchi ambayo wale wa nyama waliuawa kwa mamia. Mbwa ni nadra. Mtalii ana mbwa kwao. Hakupanda ndege kuja kumnunua mwingine wa mhugu.

Kwa hiyo picha ya mbwa asiyetisha ilitoka wapi? Ilikuja imegandishwa kwenye sahani ya santuri.

Wazee wetu waliokuwa na gramafoni wanamkumbuka: mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameketi, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza sauti inayotoka kwenye pembe ya shaba. Jina lake Nipper. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1884, na jina hilo, ambalo ni kama kusema "Mng'ataji", alilipata kwa sababu alikuwa na tabia ya kuwang'ata wageni miguu kwa nyuma. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Mbwa mpole kuliko wote waliowahi kuchorwa alikuwa, kwa Kisetla chetu, mbwa kali. Wa Bristol aling'ata akachorwa malaika. Wa Kiboko anacheza akachorwa shetani.

Mwenye Nipper, Mark Barraud, alifariki mwaka 1887, na Nipper akachukuliwa na ndugu wa marehemu, mchoraji Francis Barraud. Mbwa akafa mwaka 1895. Picha ilichorwa baada ya hapo, kwa kumbukumbu ya jinsi alivyokuwa akiuchungulia mdomo wa fonografu bila kuelewa sauti inatoka wapi. Februari 1899 Barraud akaisajili. Akaipeleka huku na huku kuiuza, hakuna aliyeitaka. Inasimuliwa kwamba kampuni moja ya fonografu ilimjibu kuwa mbwa hawasikilizi mashine.

Ndipo alipoambiwa kuwa picha ni nzito, ile pembe nyeusi inaizamisha, aazime pembe ya shaba. Mei 1899 akaenda kwenye ofisi za Gramophone Company jijini London kuiomba. Meneja, William Barry Owen, akaitazama picha akasema ataichukua kwa sharti moja: ile fonografu ya silinda ifutwe, mahali pake ichorwe gramafoni ya sahani inayouzwa na kampuni. Barraud akapiga rangi juu ya rangi. Alilipwa pauni 50 kwa picha na pauni 50 kwa haki ya kuitumia. Ukiitazama picha ya asili mwanga ukiwa wa upande, fonografu ya zamani bado inaonekana chini, imevimba kama kovu. Maisha yake ya baadaye Barraud aliyatumia kwa sehemu kubwa kuinakili picha hiyohiyo kwa ajili ya kampuni. Alitoa nakala 24. Alifariki mwaka 1924.

Miaka minne baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari na wenzake kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni hiyohiyo yenye nembo ya mbwa. Ndizo rekodi zilizoifikisha taarabu ya Kiswahili kwenye sahani na kumfanya Siti ajulikane pwani yote na bara. Mwanamke wa Kiislamu anaimba, na nembo ya walioichapa sauti yake ni mbwa. Jinsi baraza za Ng'ambo, huko Unguja, zilivyolichambua jambo hilo ningetoa mengi nizisikie. Na jina la picha, ukilitafsiri, ni "Sauti ya Bwana Wake". Katika nchi zilizotawaliwa, neno "bwana" hapo lilikuwa na uzito ambao Barraud hakuufikiria alipokuwa akimlilia mbwa wa ndugu yake.

Lakini hata Nipper hachezi. Ametulia. Mbwa anayecheza ni mtihani mwingine, na wachoraji wanaujua. Mkali anachoreka kirahisi kwa sababu hasira inamgandisha: mwili unakazana, midomo inapanda, macho yanatoboa. Mchezo haugandi. Charles Darwin alipoandika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alitaka picha za mbwa mwenye uadui na mbwa mwenye mapenzi, ili msomaji aone kuwa kila kitu cha wa kwanza kimegeuzwa kwa wa pili. Wa kwanza amenyooka, mkia juu, manyoya yamesimama. Wa pili amelegea, mgongo unapinda kama nyoka. Mchoraji Briton Riviere alimchorea. Mageti yetu yamechukua ukurasa mmoja tu wa kitabu hicho.

Mwaka 1912 Mwitaliano Giacomo Balla alijaribu njia nyingine. Alimchora mbwa mdogo anayetembezwa na bibi yake, akampa miguu mingi na mikia mingi, mpaka mbwa akawa kama tandu mwenye furaha. Picha hiyo iko Marekani, mjini Buffalo. Nilimwonyesha fundi wa Kiboko kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akauliza huyo mzungu alilipwa kwa mguu au kwa kichwa.

Mwaka huohuo wa 1912 ndipo ilipothibitishwa kwa mara ya kwanza kuwa mbwa wa Kenya ana kichaa, kando ya Nairobi. Nataja hili kwa sababu kumwogopa mbwa si upuuzi wa mwenye geti. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni kifo. Serikali ilipotoa mkakati wa kukitokomeza ifikapo 2030, Makueni ilikuwa kati ya kaunti tano za kuanzia, pamoja na Kitui, Machakos, Kisumu na Siaya, na lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Sasa hapo meno ya kuchorwa hayasaidii kitu. Mbwa wa kuchanjwa anatakiwa akamatike, ashikwe na mtoto wa nyumbani kwa kipande cha kamba mpaka daktari wa mifugo amchome sindano. Na anayekamatika ni yule aliyezoea kuchezewa.

Nilirudi kwa yule mama jioni, geti likiwa limeshasimamishwa. Rangi ilikuwa bado inanata. Chini ya herufi K ya KALI palikuwa na alama nne ndogo na kiganja kimoja: mbwa alikuwa amepita hapo kabla rangi haijakauka. Fundi alitaka kuzifuta kwa tapentaini. Mama akamkataza.

Ukitaka mbwa wako achorwe akicheza, basi, mwambie fundi mapema, kabla hajafungua lile kopo jekundu. Na umpe tambara lake la pili, maana la kwanza litachukuliwa.