Suruali Chini ya Kanzu

Miaka michache iliyopita, katika shughuli ya harusi mjini Unguja, aliingia ukumbini msichana mmoja aliyevaa suruali pana nyeusi, juu yake kizibao cha marehemu babu yake, na mabegani amejitanda upande mmoja wa kanga ya kisutu. Kichwa alikifunika vizuri kwa mtandio. Mama mmoja wa makamo, mtu wa heshima zake, akamwita pembeni na kumwambia kwa sauti ambayo sote tulio karibu tuliisikia: “Mwanangu, suruali hii umeitoa wapi? Wanawake wa kwetu hawakuvaa hivi.” Msichana akasema, “Samahani, bi mkubwa,” akatoka nje, na hakurudi hata kula.

Maneno yale yamenikaa moyoni. Sitaki kumhukumu mama yule, kwani alisema analoliamini, na alilisema kwa mapenzi. Lakini aliposema kwamba wanawake wa kwetu hawakuvaa hivi, hakutoa hukumu ya dini wala ya adabu. Alitoa dai la historia, na dai la historia hupimwa kwa historia.

Tuanze na shahidi aliyeandika kwa mkono wake. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kufariki Ujerumani mwaka 1924 akijulikana kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo ameeleza mavazi ya wanawake wa jumba la Sultani: kanzu ya kufika miguuni, suruali, na kitambaa cha kichwa. Suruali imetajwa kama kitu cha kawaida kabisa, kama vile mtu anavyotaja kiatu. Ipo pia picha yake maarufu iliyopigwa Hamburg baada ya kuolewa kwake, ambapo amejipamba kwa mavazi ya kwao, na suruali inaonekana chini ya kanzu yake. Binti wa Seyyid Said alipotaka dunia imwone kuwa ni mwanamke wa Unguja, alivaa suruali.

Wala kanzu yenyewe haikuwa mali ya wanaume peke yao. Leo tukisema “kanzu” pasipo kuongeza neno, wengi huona mbele ya macho yao mwanamume anayekwenda msikitini siku ya Ijumaa. Kamusi ya A. C. Madan iliyotoka mwaka 1903 inaieleza kanzu ya mwanamume, kisha papo hapo ya mwanamke: fupi kidogo, ya rangi, iliyotiwa pindo jekundu. Nguo ilikuwa moja, na jinsia zikatofautishwa kwa urefu, rangi na mapambo. Mpaka leo wanawake wa Unguja huyaita baadhi ya magauni yao kanzu, bila ya kuhisi kwamba wameazima kitu kwa waume zao.

Shela nayo ina kisa chake, nami sitakipita, maana ndani yake nguo ya kike ilibeba mustakabali wa ufalme. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, na mwanawe Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash akapanga kumpindua. Salme, msichana wa miaka kama kumi na mitano, aliingia katika njama ile kwa sababu alijua kuandika, elimu aliyojifundisha kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Akawa katibu wa njama. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash kwa askari, dada zake, Khole na Salme wakiwa mbele, walikwenda na msafara wa wanawake, wakazungumza wenyewe na walinzi, jambo ambalo kwa desturi ya siku zile lilikuwa ajabu kubwa, wakaruhusiwa kuingia. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao amefunikwa shela, macho tu yakionekana, na wanawake warefu wamewekwa karibu naye ili kimo chake kisimfichue. Walinzi wakawapisha kwa heshima. Uasi ulishindwa katika shamba la Marseilles, Barghash akapelekwa Bombay, lakini mwaka 1870 alishika kiti na kutawala hadi 1888. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib. Ndiye pia, na hili husahauliwa, aliyekataa kumpokea dada yake huyo Salme alipokuja na meli za Kijerumani mwaka 1885 kudai urithi wake.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kuwa kinaonyesha mavazi yalikuwa yakisema nini kwa walinzi wa lango. Shela ile haikusema “mwanamke” tu. Ilisema “mwanamke wa kiungwana, usimguse.” Lau Barghash angefunikwa kipande cha merikani kama kijakazi, sidhani kama askari wangempisha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika Unguja ya karne ya kumi na tisa, mpaka uliolindwa kwa ukali kupita yote katika mavazi ulikuwa kati ya mwungwana na mtumwa. Ule wa baina ya mume na mke ulikuja nyuma yake. Mtumwa wa kike alijifunga kipande cha merikani chini ya makwapa, mabega yakiwa wazi. Merikani ni ile pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na jina lake bado linataja ilikotoka. Aliyetaka kuificha sura ya merikani aliitia nili, ikawa kaniki. Mtumwa wa kiume alikwenda kichwa wazi, kwani kofia na kilemba vilikuwa alama za watu huru. Suruali, kanzu ya hariri, barakoa, viatu: hivi vilikuwa vya upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo mwanamke aliyevaa suruali alidhihirisha ukoo wake, na hakuna aliyesema kwamba amejifanya mwanamume.

Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar ya baada ya utumwa, ameonyesha jinsi watu waliokuwa watumwa walivyoanza mara moja kubadilisha nguo zao. Walitupa merikani na kaniki, wakanunua kanga. Wakavaa kanzu. Wanaume wakavaa kofia. Wanawake wa Ng'ambo walizichukua nguo za waungwana moja moja, kadiri ya fedha zao, wakazichanganya kwa namna ambayo mabibi wa Mji Mkongwe hawakuwa wamezichanganya.

Ushahidi wa mchanganyiko huo upo katika picha za wapiga picha wa Kigoa waliofanya kazi mjini Unguja, akina A. C. Gomes na Coutinho Brothers, ambazo nyingi zilichapwa kuwa kadi za posta. Zitazame bila haraka. Mwanamke amejifunga kanga mbili, ambazo ni nguo isiyojua mkasi wala sindano ila ya pindo, na ambayo umbo lake hutokana na mikono ya anayejifunga. Chini ya kanga, kwenye vifundo vya miguu, yanachungulia marinda ya suruali. Wengine wana kanzu katikati, na kichwani kilemba kilichofungwa kwa namna yake mwenyewe. Nguo laini isiyoshonwa, nguo ya kike iliyotiwa marinda, na nguo ambayo kaka yake pia anayo ya namna yake, zote ziko juu ya mwili mmoja, na hazigombani. Kadi hizo zilitengenezwa kwa macho ya wageni, na mengi katika mikao ile ni ya kuigiza. Lakini hata kama mkao ni wa mpiga picha, ufungaji ule wa kanga haukufundishwa na Mgoa.

Kanga ndiyo iliyowezesha yote hayo. Asili yake, kama inavyosimuliwa pwani nzima, ni leso za Kireno zilizounganishwa sita sita, na mpaka leo Mombasa huiita leso. Katika karne ya ishirini maandishi yaliingia, na nembo ya “Mali ya Abdulla” ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa ikajulikana kila nyumba. Watu huisifu kanga kwa majina yake, na ni haki yao. Mimi naisifu zaidi kwa kukosa kwake umbo. Nguo iliyokatwa na fundi huamua mapema nani aivae na vipi. Kanga haiamui. Ukiiweka juu ya kanzu inakuwa ushungi, ukiifunga kiunoni juu ya suruali inakuwa stara, ukiitupa begani juu ya kizibao cha babu inakuwa pambo. Ndiyo iliyokuwa ikizipatanisha nguo zisizofanana.

Kisha ikaja buibui, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mabinti wa watumwa wa jana wakaivaa pamoja na mabinti wa mabwana wao. Chini ya nguo hiyo nyeusi, mtu hakujua tena nani ni nani, na nadhani hilo lilikuwa sehemu ya utamu wake.

Kuhusu kuvaa kiume waziwazi, pwani yetu ina kumbukumbu ambazo tunazionea haya bure. Vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979, vilikuwa vya wanawake tupu, vyenye vyeo na mashindano makali, na katika mashindano hayo wachezaji wakati mwingine walitoka na mavazi ya kiume na sare za kijeshi. Katika Unguja, mwanamke aliyepandwa na pepo wa kiume, awe ruhani au kibuki, huvishwa nguo za pepo huyo: kanzu nyeupe kwa huyu, msuli na fimbo kwa yule. Wakati huo husemeshwa kama mwanamume na hujibu kama mwanamume. Kjersti Larsen ameliandika jambo hili kwa kirefu. Mtu anaweza kuikataa itikadi ya pepo, na masheikhe wengi wameikataa, lakini hawezi kusema kwamba macho ya Wazanzibari hayajawahi kumwona mwanamke ndani ya msuli.

Basi suruali ya bibi zetu ilikwenda wapi? Hakuna amri iliyoiondoa. Ilipitwa na wakati kama kofia fulani au mkufu fulani unavyopitwa. Kuanzia miaka ya 1930 na kuendelea, sinema za Kimisri, za Kihindi na za Kimarekani zilijaza kumbi za mjini, na wanawake walitoka huko na mishono kichwani mwao, wakampelekea fundi cherehani, fundi akakata. Gauni likashinda. Sikiliza neno lenyewe: gauni ni Kiingereza kilichovaa irabu, ilhali suruali ni neno la zamani lililofika pwani kwa Kiarabu, na nyuma yake Kiajemi. Vazi ambalo mama yule ukumbini aliliona kuwa ni la “kwetu” lilikuja na wakoloni. Lile aliloliona kuwa ni la kigeni lilikuwa chini ya kanzu ya mabibi kabla Mwingereza hajapandisha bendera.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali nayo iliingia katika masanduku ya nguo. Vijana wa chama walisimamia mavazi mitaani, na sketi fupi pamoja na suruali za mitindo ya Ulaya zikapigwa vita kuwa ni uchafu wa kibeberu. Dar es Salaam ilifuata kwa Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka 1968 na kuanza Januari 1969. Nadhani ni katika miaka hiyo ambapo suruali, nguo iliyokwisha kutoka katika kumbukumbu ya wanawake wenyewe, ilipata sura mpya: ilirudi ikiwa imefungamana na Ulaya na uasi wa vijana. Waliokuwa wasichana wakati huo ndio mama zetu wa makamo wa leo. Katika maisha yao yote, hawakuiona suruali ya marinda mwilini mwa mtu.

Msichana yule nilimtafuta baadaye. Kizibao, aliniambia, alikivaa kwa sababu bado kina harufu ya babu yake, na suruali kwa sababu ndiyo iliyolingana nacho. Kanga ni ya mama yake. Nikamwonyesha kadi moja ya zamani, ile ya mwanamke mwenye marinda kwenye vifundo. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama anaweza kuichukua kwa siku mbili. Alikwenda nayo kwa fundi mmoja mzee huko Darajani. Fundi akasema hajapata kushona suruali ya namna hiyo tangu aanze kazi, na hajui marinda yale yanaanzia wapi, gotini au chini zaidi, kwa kuwa katika picha kanga imepafunika.